Mguu wa Kushoto

Gari lilishuka bandarini Poti
na vumbi la Niigata bado liko kwenye zulia,
usukani upande wa kulia,
na ndani ya dashibodi, mwanamke.

Baba alipoliwasha, mwanamke akasema neno.
Baba akavua kofia.
"Nawe pia, bibi," akajibu kwa Kijojia,
kisha akanigeukia: "Kasemaje?"
Zestafoni nzima hapakuwa na wa kumwambia.

Miaka thelathini na mmoja Zauri aliendesha Kamaz
kupanda Rikoti na kushuka Rikoti, mzigo wa manganizi mgongoni,
akizijua gia kwa goti kuliko kwa mkono:
ya pili ina kiburi,
ya tatu yataka kubembelezwa,
ya nne usiiguse kabla ya kona ya muuza mikate.
Klachi ilimlia soli ya kiatu cha kushoto kila mwaka.
Mama alinunua jozi mbili ili mguu mmoja usitembee peku.
Viatu vya kulia, vipya, vipo darini hadi leo,
vimekaa kama wanakwaya waliokosa wimbo.

Sasa ameletewa herufi. P, R, N, D.
"Giaboksi gani hii? Alfabeti yenyewe haijaisha."
Nikamwambia: weka kwenye D, achia breki, basi.
Gari likatambaa lenyewe, polepole,
kama mgeni anayejikaribisha.
Mkono wa kulia ukaenda kuitafuta gia, ukagonga mlango.
Mguu wa kushoto ukaenda kuitafuta klachi, ukaikuta breki,
ukaikanyaga kama anavyokanyaga dereva wa lori.
Sote wawili tukabusu kioo.
Mwanamke akasema neno.
"Ananicheka," baba akanung'unika.

Kwenye skrini, ramani haina Jojia.
Haina mto, haina mlima, haina sisi:
kimshale chekundu tu, katikati ya buluu.
"Tunazama," akasema baba mbele ya kanisa la Mtakatifu Nino,
"ila tunazama kwa kilomita sitini kwa saa."
Taa ya manjano yenye umbo la birika ikawaka, ikazimika.
Hatukujua kama ni onyo au ni mwaliko.

Na gia? Zinabadilika, nasikia,
lakini chinichini, bila kumuuliza,
kama watu wazima wanaopeana siri
juu ya kichwa cha mtoto.
Jambo hilo ndilo lililomuuma. Hakusema.
Alipandisha sauti ya redio, kisha akaishusha.

Juni, pale Shrosha kwenye vibanda vya vyungu,
tulimkuta Michiru, mfinyanzi kutoka Mashiko,
akipiga mtungi kwa kidole na kuusikiliza.
Baba akamwomba, kwa mikono na kwa chai, aje asikilize gari.
Akawasha.
Michiru akainamisha kichwa, akafunika mdomo.
"Anasema: kadi haijaingizwa."
Kadi gani? "Ya kulipia barabara kuu." Wapi? "Kwetu."
Miezi minne ya kuamkiana kila asubuhi,
kumbe anadai nauli!
"Na anasema pia," Michiru akaongeza taratibu,
asiache mzee aondoke mikono mitupu,
"kwamba leo ni Siku ya Mwavuli."

Fundi Bidzina alijitolea kuukata waya wa sauti, bure.
Baba alimtazama kama mtu aliyeambiwa auze mbwa.

Kesho yake, mbingu nyeupe, hata wingu la kuazima hakuna,
alitoka na mwavuli.
Na chini, pale mguu wa kushoto unapolala bila ajira,
nikaona amegundisha kwa gundi ya viatu
raba ya klachi ya Kamaz,
imesuguka katikati, ina shimo la kisigino.

Tukaianza Rikoti. Hakuzungumza.
Tulipofika kona ya muuza mikate
goti likapanda, mguu ukabonyeza raba,
sakafu haikusogea hata unywele,
na wakati uleule, kule chini, kitu kikabadilika.

"Umeona?" akasema baba.
"Ya nne."